Mjane wa Yquem na Divai ya Uozo

Mwezi wa Julai mwaka 2011, mjini London, chupa moja ya divai nyeupe iliuzwa kwa pauni 75,000. Kabla ya siku ile haikupata kuuzwa chupa ya divai nyeupe kwa bei kubwa kama hiyo. Divai iliyokuwamo ilitokana na zabibu zilizochumwa mwaka 1811, katika shamba moja la kusini-magharibi ya Ufaransa liitwalo Château d'Yquem. Ukitaka kuupima umri huo, kumbuka kwamba zabibu zile zilipochumwa Mombasa ilikuwa bado mikononi mwa Wamazrui, Seyyid Said alikuwa kijana aliyeanza tu kutawala Omani, na Napoleon alikuwa hajaingia Urusi na jeshi lake. Watu wote waliozichuma, waliozikamua na waliozitia mapipani wamekwisha kuwa udongo. Divai imebaki.

Sikuandikii habari hizi, msomaji wangu, ili utamani kunywa. Wengi wenu dini imewakataza, na nyote sheria ya nchi imewakataza kwa ajili ya umri wenu. Nami sina nia ya kubishana na dini wala na sheria. Naandika kwa sababu kitu kilichodumu miaka mia mbili ni shahidi, na kazi ya mwanafunzi wa historia ni kuwahoji mashahidi. Swali nitakalomwuliza shahidi huyu ni moja: ni nani aliyekufanya? Kwa miaka mingi kibandiko cha chupa za Yquem kilikuwa na jibu tayari. Kiliandikwa jina la shamba, na pamoja nalo jina la ukoo wa Lur-Saluces na picha ya taji. Jibu hilo si la uongo, walakini limeacha mengi nje.

Kwanza neno lenyewe. Sisi tunayo majina mawili ya kinywaji hiki, divai na mvinyo, na yote mawili yalifika pwani kwa majahazi ya wageni. Mvinyo ni neno la Wareno, ambao husema vinho. Divai ni la Wafaransa, ambao wakitaka kuagiza kidogo mezani husema du vin. Kwa kuwa habari yetu ni ya Wafaransa, nitatumia neno lao.

Sasa twende mahali penyewe. Mto Garonne ni mto mpana upitao katika mji wa Bordeaux kabla ya kufika bahari ya Atlantiki. Ukitoka mjini na kuufuata mto huo kwenda juu kwa kadiri ya kilomita 40, utafika mahali ambapo kijito kiitwacho Ciron huingia ndani yake. Ciron hutoka katika misitu, hupita vivulini, na maji yake ni baridi. Garonne ni mto mkubwa ulioota jua, na maji yake yana vuguvugu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, maji baridi yanapokutana na maji ya vuguvugu, ukungu huinuka usiku, ukapanda vilimani na kuifunika mizabibu mpaka asubuhi. Kisha jua hutoka, upepo huvuma, na kufikia alasiri majani yote yamekauka. Siku ya pili mambo huwa yale yale. Hapo ndipo kilipo kijiji cha Sauternes, na juu ya kilima chake imesimama ngome ya zamani ya Yquem, ikiwa imezungukwa na mizabibu ya hekta 100 hivi.

Mkulima yeyote atakwambia kwamba unyevu wa asubuhi na joto la mchana ni chakula cha kuvu. Ndivyo ilivyo. Kuvu liitwalo kwa elimu Botrytis cinerea huota juu ya zabibu za Yquem, na kila zabibu liliyoishika hubadilika rangi, hunyauka, hujikunja, mwisho huonekana kama kitu cha kutupwa jaani. Katika mashamba mengi ya dunia kuvu hilo ni msiba. Lakini pale, kwa ajili ya ule mpango wa ukungu na jua, hufanya kazi nyingine. Hutoboa ngozi ya tunda vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, jua likanyonya maji kupitia vitundu hivyo, na kinachobaki ndani ni sukari na uchachu vilivyokolea, na harufu ambayo zabibu nzima haina. Wafaransa wenyewe wameuita uozo huo uozo wa kiungwana. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, uungwana hutoweka, kuvu huwa kuvu tu, na mavuno huoza kama ya mtu mwingine yeyote.

Shida nyingine ni kwamba kuvu haliji kwa zamu. Katika kichala kimoja utakuta zabibu nzima, zabibu iliyoanza kugeuka, na zabibu iliyokwisha kunyauka. Kwa hiyo wachumaji, na wengi wao tangu zamani ni wanawake, hupita katika mstari ule ule na mikasi midogo, wakachuma zile zilizo tayari na kuziacha nyingine, kisha hurudi baada ya siku kadhaa, na kurudi tena, hata mara tano au sita, na mwaka mgumu zaidi ya hapo. Huanza Septemba, na mara nyingine Novemba huwakuta bado shambani. Tena kitu kilichokwisha kukaushwa hakina maji mengi ya kutoa. Watu wa Yquem hupenda kusema kwamba mti mmoja wa mzabibu huwapa bilauri moja tu ya divai. Katika shamba la kawaida mti mmoja waweza kujaza chupa.

Je, ni nani aliyekuwa wa kwanza kuthubutu kukamua zabibu zilizooza? Wako wasemao kwamba mwaka 1847 mwenye Yquem alisafiri kwenda Urusi, akaamuru watu wake wasichume mpaka arudi. Akachelewa, akazikuta zabibu zimeoza, na kwa uchungu wa hasara akaamuru zikamuliwe hivyo hivyo. Hadithi hii ni tamu, na ndiyo sababu yatupasa kuitilia shaka. Huko Ujerumani, katika shamba la Schloss Johannisberg, husimuliwa hadithi ya namna hiyo hiyo juu ya mwaka 1775, ila aliyechelewa ni tarishi aliyeleta ruhusa ya kuvuna. Huko Tokaj, katika nchi ya Hungaria, husemwa kwamba waliochelewesha mavuno ni Waturuki, kwa kutishia vita. Ukiona kisa kimoja kimevaa nguo za nchi tatu, ujue kimesafiri kama wafanyavyo visa. Na kama tutakavyoona punde, divai ya Yquem ilikuwa na sifa ng'ambo ya bahari miaka sitini kabla ya safari hiyo ya Urusi. Wakulima wa Sauternes waliijifunza kazi yao polepole, vizazi kwa vizazi, na hakuna mtu mmoja awezaye kudai kwamba yeye ndiye mvumbuzi.

Ardhi hiyo imepita mikono mingi. Mwaka 1152 Eleanor, binti wa mtawala wa Aquitaine, aliolewa na Henry, ambaye baada ya miaka miwili akawa mfalme wa Uingereza. Kwa ndoa hiyo nchi yote ya Bordeaux ikawa chini ya wafalme wa Kiingereza, wakaishika mpaka 1453, Wafaransa walipoirudisha kwa vita. Mwaka 1593 Jacques Sauvage, mtu wa ukoo mkubwa wa mahali pale, alipewa haki ya kulishika shamba la Yquem kwa niaba ya mfalme wa Ufaransa. Na mwaka 1711 mzao wake, Léon de Sauvage d'Yquem, akawa mwenye mali kamili. Ukoo huu wa Sauvage ulikaa pale karibu miaka mia mbili. Ndio waliolikusanya shamba kipande kwa kipande, ndio waliopanda mizabibu, na jina lao halikuwamo katika kibandiko.

Mwaka 1785 ukoo huo ulikuwa umebakiwa na mrithi mmoja, naye ni msichana, Françoise-Joséphine de Sauvage d'Yquem. Mwaka huo aliolewa na Louis-Amédée de Lur-Saluces, mwanajeshi wa kikosi cha farasi na mtoto wa ubatizo wa Mfalme Louis wa 15. Kwa desturi za wakati ule, mke alipoingia katika nyumba ya mume jina la shamba liliingia pamoja naye. Hivi ndivyo ukoo wa Lur-Saluces ulivyoipata Yquem: hawakuinunua wala kuipanda, waliioa.

Haijapita miaka miwili, akatokea mteja kutoka mbali. Huyo alikuwa Thomas Jefferson, balozi wa Marekani mjini Paris, ambaye baadaye alikuwa Rais wa tatu wa nchi hiyo. Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila kitu katika daftari: bei ya mbegu, hali ya hewa, gharama za safari. Mwezi wa Mei 1787 alizuru Bordeaux, na mwisho wa mwaka akaandika barua kwenda Yquem kuomba chupa 250 za divai ya mwaka 1784. Barua ilielekezwa kwa mwenye jina la Yquem. Aliyejibu alikuwa Lur-Saluces, mume wa binti wa nyumba. Divai ilipofika Jefferson aliisifu sana, na miaka michache baadaye, alipokuwa waziri katika serikali ya George Washington, akaiagiza tena kwa ajili ya Rais na kwa ajili yake mwenyewe.

Nikiishia hapa nitakuwa nimekupa nusu ya historia, nusu ile iliyo tamu. Karne ya 18 ilikuwa karne ya utajiri mkubwa wa Bordeaux, na majumba ya mawe utakayoyaona katika picha za mji huo yalijengwa wakati ule. Utajiri wake haukutokana na divai peke yake. Sehemu kubwa ilitokana na sukari na kahawa za kisiwa cha Saint-Domingue, ambacho sehemu yake ya Kifaransa leo ni nchi ya Haiti, na sukari ile ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Merikebu za Bordeaux zilifanya safari karibu 500 za biashara ya watumwa, zikachukua Waafrika zaidi ya 100,000. Nyingi zilikwenda pwani ya magharibi ya bara letu, na baadhi, karne ile ilipokaribia mwisho, zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikafika Msumbiji. Katika miaka hiyo hiyo mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa, mwaka 1776, wa kununua watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Morice hakuwa mtu wa Yquem, nami sisemi kwamba mabibi na mabwana wa shamba lile walikuwa wachuuzi wa watu. Lakini divai yao ilikuwa ikiuzwa katika soko lililonenepeshwa na biashara hiyo. Hata mteja wao mashuhuri, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki katika maisha yake watumwa zaidi ya 600. Mmoja wao, James Hemings, alikuwa pamoja naye Paris akijifunza upishi wa Kifaransa. Wataalamu wa divai husahau kulitaja jina hilo. Sisi tusilisahau.

Tumrudie yule bibi. Mwaka 1788, miaka mitatu tu baada ya arusi, mumewe alianguka kutoka juu ya farasi, akafa. Françoise-Joséphine alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na mikononi mwake mna mtoto wa kiume mdogo na shamba la mizabibu. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza.

Fikiri hali yake. Mapinduzi yalifuta haki zote za mabwana na mabibi wa ukoo, na katika miaka ya 1793 na 1794 kuwa na jina la kikabaila kulitosha kumpeleka mtu gerezani, na wengine kwenye mashine ya kukata vichwa, ambayo ilisimamishwa Bordeaux kama ilivyosimamishwa Paris. Makabaila wengi walikimbia nchi. Sheria ilikuwa wazi kwamba mali ya aliyekimbia hutaifishwa ikauzwa, na mashamba mengi mazuri ya nchi ile yalipigwa mnada kwa njia hiyo. Yeye hakukimbia. Alitiwa gerezani mara mbili, akatoka mara mbili, na shamba lilikuwa bado ni lake. Labda kukaa kwake kulikuwa ushujaa, labda kulikuwa hesabu nzuri tu ya mtu ajuaye sheria; kwa maoni yangu yote mawili yalikuwamo. Kijana wa siku hizi asomapo habari za Mapinduzi hufurahi kuona wakubwa wakishushwa, na hana kosa kufurahi, maana wakulima wa Ufaransa walikuwa wameonewa kwa karne nyingi. Lakini katika ghadhabu ile hakuna aliyepima mtu mmoja mmoja, na mjane wa miaka ishirini na mitano alihesabiwa sawa na mtesaji.

Vita vya Napoleon vilipofunga bahari na wateja wa Uingereza na Marekani wakawa mbali, mjane huyu aliendelea kulima. Mwaka 1811 nyota kubwa yenye mkia ilionekana mbinguni kwa miezi mingi, na mwaka huo Ulaya ilipata mavuno mazuri mno ya zabibu, hata watu wakaiita divai yake divai ya nyota ya mkia. Nyota haina uwezo juu ya zabibu. Jua la kiangazi kile ndilo lililofanya kazi. Chupa ile iliyouzwa London baada ya miaka mia mbili ni ya mavuno hayo, na mwenye shamba mwaka ule alikuwa ni yeye, wala si mwanamume yeyote wa ukoo wa Lur-Saluces.

Mwaka 1826 alijenga pale pale Yquem ghala kubwa la mapipa. Kwetu jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwa wakati wake lilikuwa kubwa. Aghalabu wenye mashamba waliuza divai ikiwa bado changa, ikapelekwa katika maghala ya wafanyabiashara wa Bordeaux, na huko ndiko ilikokuzwa, ikachanganywa mara nyingine na divai nyingine, na faida ya umri ikabaki kwa mfanyabiashara. Mwenye ghala lake mwenyewe aweza kungoja, na aweza kujua ni nini kilichomo ndani ya pipa. Mwanawe alimtangulia kufa, mwaka 1823. Yeye aliishi mpaka 1851, akiwa ameliongoza shamba kwa zaidi ya miaka sitini, akamwachia mjukuu wake, Romain-Bertrand de Lur-Saluces.

Hapa sina budi kueleza kwa nini divai hii yafaa kungojewa, maana divai nyingi, hasa nyeupe, zikipita miaka michache huwa siki au huwa maji yasiyo na ladha. Kinachoharibu divai ni hewa pamoja na vijidudu. Divai ya Yquem imebeba sukari nyingi, zaidi ya gramu 100 katika lita moja, pamoja na kileo cha kutosha na uchachu uliokolea, na vitu hivyo vitatu humlinda mwenzao kama walinzi wa zamu. Ikiwekwa chini ardhini, penye baridi na giza, chupa imelazwa ili kizibo chake cha gome kisikauke, hubadilika bila kuoza. Ikiwa changa, rangi yake ni dhahabu nyepesi. Ikifika miaka thelathini au arobaini huwa dhahabu nzito. Ikipita mia huwa ya hudhurungi, kama chai isiyotiwa maziwa. Kizibo huchoka kabla ya divai, kwa hiyo wenye chupa za zamani sana hubadilisha vizibo kila baada ya miongo kadhaa.

Mjukuu alivuna alichokipanda bibi yake. Mwaka 1855 Napoleon wa 3 alifanya maonyesho makubwa Paris, na madalali wa Bordeaux wakaombwa kupanga divai za nchi yao kwa daraja. Walifuata bei za soko za miaka mingi, jambo ambalo kwa dalali ni ushahidi mzito kuliko sifa. Katika divai nyeupe tamu, mashamba kadhaa yaliwekwa daraja la kwanza. Yquem ikawekwa peke yake, juu ya daraja la kwanza. Mwaka 1859 Konstantin, ndugu wa mfalme wa Urusi, alinunua lita 900 za divai ya mwaka 1847 kwa faranga 20,000 za dhahabu. Huenda ununuzi huu wa Mrusi ndio uliozaa ile hadithi ya mwenye shamba aliyechelewa Urusi.

Baada ya hapo zilikuja taabu, nami nitazipita upesi. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Amerika, filoksera, aliingia Ufaransa akala mizizi ya mizabibu karibu nchi nzima. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Amerika, ambayo mdudu huyo hayawezi, na mpaka leo ndivyo inavyofanywa. Katika karne hiyo hiyo yalilazwa chini ya shamba la Yquem mabomba ya udongo wa kuchoma, urefu wake kadiri ya kilomita 100, ili yaondoe maji yanayotuama juu ya udongo wa mfinyanzi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ngome iligeuzwa hospitali ya askari. Kisha Bertrand de Lur-Saluces akalishika shamba mpaka alipofariki mwaka 1968, na baada yake mtoto wa ndugu yake, Alexandre.

Lakini kuna orodha moja ambayo haipitwi upesi. Ni hii: 1910, 1915, 1930, 1951, 1952, 1964, 1972, 1974, 1992. Katika miaka hiyo hakuna divai ya Yquem. Mizabibu ilikuwapo, na mara nyingi wachumaji walilipwa, zabibu zikakatwa. Lakini hali ya hewa ilikuwa imeharibu mavuno, na mwenye shamba akakataa kutia jina lake juu ya alichopata. Mavuno ya mwaka mzima yakauzwa bila jina, kwa bei ya divai ya mtu yeyote. Methali yetu husema kwamba subira huvuta heri, nayo ni methali njema, ila haisemi gharama ya subira hulipwa na nani. Yquem ililipwa na mwenye shamba kutoka mfukoni mwake, na kati ya 1972 na 1974 nusura imfilisi.

Kitu chenye thamani hiyo hakikosi waghushi. Mwaka 1985 zilianza kutokea chupa za kale zilizochongwa herufi za jina la Jefferson, Th.J., pamoja na miaka ya 1784 na 1787. Mkusanyaji mmoja wa Ujerumani alisema zimeonekana nyuma ya ukuta wa nyumba ya zamani mjini Paris. Baadhi zilikuwa na jina la Yquem. Matajiri walizigombania, na moja, ya divai nyekundu ya Lafite, iliuzwa London kwa pauni 105,000. Wachunguzi wa Monticello, nyumba ya Jefferson, walizitafuta chupa hizo katika daftari zake, zile alizoandika hata bei ya mbegu, wasione cha kuzifungamanisha na yeye. Baadaye Mmarekani mmoja aliyenunua baadhi yake alipeleka shauri mahakamani, mwaka 2006, na wataalamu aliowaajiri wakasema kwamba herufi zile zilichongwa kwa chombo cha umeme. Umeme wa namna hiyo haukuwako mwaka 1787. Wenye fedha walikuwa wameisoma chupa tu. Wenye subira walisoma daftari.

Mwisho wa ukoo katika shamba lile haukuletwa na mvua wala na mdudu. Sheria za urithi za Ufaransa, tangu kitabu cha sheria cha Napoleon cha mwaka 1804, zinagawa mali kwa watoto wote, na kizazi baada ya kizazi Yquem iligawanyika katika hisa za ndugu na binamu wengi ambao hawakukaa shambani. Mwaka 1996 sehemu kubwa yao waliuza hisa zao, zaidi ya nusu ya shamba, kwa LVMH, kampuni kubwa ya Paris yenye kuuza manukato, mikoba na vileo vya thamani. Alexandre alipinga uuzaji huo mahakamani, wakapatana mwaka 1999, naye akabaki meneja mpaka 2004. Mahali pake pakashikwa na Pierre Lurton, mwajiriwa wa kampuni.

Watu wa Bordeaux waliuliza waziwazi kama kampuni, ambayo kila mwaka yapaswa kuwaonyesha wenye hisa faida, itaweza kufanya kama walivyofanya wenye shamba wa zamani katika mwaka mbaya. Jibu lilikuja mwaka 2012. Mvua ya Oktoba ilikuwa nyingi. Zabibu zilichumwa, zikakamuliwa, zikatiwa mapipani katika ghala lile lile la kilimani, zikaonjwa. Na mwezi wa Desemba Lurton akatangaza kwamba divai ya Yquem ya mwaka ule haitakuwako.